Jumatatu Si Siku ya Tatu

Niliingia Likasi nimekaa juu ya shehena ya salfa. Lori lilikuwa limeipakia bandarini Dar es Salaam, na mimi nililipanda Tunduma, baada ya dereva kugombana na utingo wake na kumwacha kwenye foleni ya mpakani. Aliniuliza kama naweza kufunga turubai na kukaa macho. Nikasema naweza. Nilikuwa nimekaa Tunduma muda ambao kwangu ni mrefu, nikiuza vipuri vya pikipiki katika kibanda cha mtu mwingine, na nilikuwa nimeanza kuwatazama wasafiri kuliko wateja.

Tukavuka Zambia yote kwa mwendo wa lori bovu. Nakonde, Mpika, Kapiri Mposhi, Ndola. Salfa ni unga wa manjano unaopenya kila mahali. Ulikuwa kwenye ugali wetu na kwenye mikunjo ya blanketi. Mvua ilipotunyeshea karibu na Serenje, macho yaliniwasha mpaka dereva akanisimamisha kando ya barabara na kunimwagia maji ya radieta, akidai ndiyo dawa. Sikuwa na haraka. Nilikuwa naelekea mji niliousikia tangu utotoni bila kuuona, na nilitaka njia iwe ndefu.

Baba yangu alizaliwa Likasi. Alifanya kazi ya reli, reli ikamfikisha kwenye ziwa, akavuka, akaoa Kigoma, akafia huko. Alipokuwa na afya alikuwa akisimulia kuhusu vilima vinavyouzunguka mji, moshi wa kiwanda cha shaba, na mabehewa yaliyokuwa yakigongana usiku kiasi kwamba wenyeji wakikosa kelele ile walikuwa hawapati usingizi. Hakurudi hata mara moja. Tulipomuuliza kwa nini, alikuwa akisema nauli.

Kasumbalesa tulikwama kwenye foleni siku nyingi. Madereva walipika chini ya matrela, wakacheza drafti kwa vizibo vya soda. Hapo ndipo nilipojifunza jambo lililokuja kunigharimu. Karani mmoja wa wakala wa forodha, kijana mwembamba aliyevaa koti la mvua hata juani, alikuwa akipita kati ya malori na simu mkononi. Mtu akimtajia namba ya gari au jina la mzigo, kidole chake kiligusa kona ya kioo, kikaandika herufi tatu au nne, basi. Nilimuuliza anawezaje kukumbuka. Akanionyesha. Ilikuwa programu ya kuandikia mawazo, kurasa ndogo ndogo za rangi mbalimbali. Unaandika kwa kifupi, unaweka alama, simu inapanga yenyewe. Ukitaka ikukumbushe siku fulani, unaigusa mara moja zaidi. Unaweza kulitafuta neno baada ya mwaka mzima na likaja.

"Wewe andika kwanza," aliniambia. "Kuelewa ni baadaye."

Mimi ni mtu wa mawazo mengi yasiyo na kwao. Wazo la biashara, msemo niliousikia kwenye kioski, namna mwanamke fulani alivyomkatalia mkopo mtu bila kusema hapana. Zamani niliyaandika juu ya pakiti za sigara na nyuma ya risiti za mizani, nikayafua pamoja na suruali. Kwa hiyo nilipoona mahali ambapo wazo linashikwa kabla halijapotea, nilifurahi kama mtu aliyepewa mfuko mpya. Karani akaniwekea programu ile katika simu yangu. Tulipovuka mpaka nilikuwa tayari na kurasa kadhaa za manjano.

Tulishusha salfa Shituru, katika uwanja wa kiwanda. Dereva akasubiri mzigo wa kurudi, nami nikapata nafasi ya kuulizia. Nilitaja jina la ukoo wa baba kwa wazee waliokuwa wametoka misa ya asubuhi. Mmoja wao alisogea. Alinitazama usoni, akanizunguka, akanitazama kwa nyuma, kisha akanishika mkono na kunipeleka mtaa wa tatu, kwenye nyumba ya matofali, mojawapo ya zile ambazo kampuni iliwajengea wafanyakazi wake. Mlangoni alikaa mama mmoja na ndoo ya munkoyo, kile kinywaji chepesi cha mahindi na mizizi, akikiuza kwa kikombe. Mzee akamwambia, "Angalia huyu, halafu uniambie ni nani."

Mama yule alisimama taratibu. Akataja jina la baba yangu.

Ndivyo nilivyompata shangazi. Alikuwa dada mdogo wa baba, mjane wa fundi wa kiwandani, na watoto wake wote walikuwa Lubumbashi na Kolwezi. Dereva alipopata mzigo, alirudi peke yake.

Shangazi alinipa chumba cha nyuma, nami nikapata kazi karibu na soko, katika duka la vipuri vya pikipiki, kazi ninayoijua. Wiki ile ya kwanza nilimwambia kwamba nitaanza Jumatatu. Akauliza hiyo ni siku ya ngapi. Nikasema ni ile inayofuata Jumapili. Akacheka mpaka akaweka chini kikombe cha kupimia.

"Ile njo siku ya kwanza," akasema. "Sasa tatu inafanya nini pale ndani? Bale bantu ya Kigoma banajifunziaka hesabu wapi?"

Nilijitetea kwamba sisi tunahesabu kuanzia Jumamosi. Alisema huo ni uvivu, mtu hawezi kuanza wiki kwa kupumzika. Kwao wiki inaanza siku ya kurudi kazini, nayo ndiyo siku ya kwanza, halafu ya pili, ya tatu, mpaka ya tano. Jumamosi ni siku ya posho, kwa sababu zamani ndiyo siku ambayo kampuni iligawa unga na maharagwe. Jumapili ni siku ya yenga, yaani ya mapumziko. Kwa hiyo siku ya tatu ya Likasi ni Jumatano yangu mimi. Niliyaandika hayo yote katika ukurasa wa kijani nikaupa jina Siku. Nilikuwa nayajua. Hilo ndilo linaloniuma.

Simu yangu ikawa kichekesho cha mtaa. Jioni wazee wastaafu walikuja kunywa munkoyo wa shangazi, wakakaa ukutani wakizungumza habari za tanuru, za reli na za wakubwa waliokwenda zao. Nilikaa nao, na kila neno zuri lilipotoka kidole changu kiligusa kona ya kioo. Sasa kule Shituru kuandikwa maana yake pia ni kuajiriwa. Mzee akisema aliandikwa kabla hajaoa, anazungumzia kazi ya kiwandani na kupewa salopeti, ile ovaroli ya kazi. Jioni moja mzee aliyekuwa akiendesha kreni, yule aliyenileta kwa shangazi, alinitazama nikichapa, akawageukia wenzake.

"Huyu mutoto anatuandika kila siku," akasema. "Salopeti zetu iko wapi? Tunaanza kazi siku gani?"

Walicheka, nami nikacheka, kisha nikaliandika na hilo.

Shangazi hakuichukia simu. Ila alikuwa na tabia ya kunyamaza katikati ya sentensi akiona nimeinama. Akisubiri niinue uso, anaendelea. Nisipoinua upesi, anaacha na kuanza kuosha vikombe. Wakati huo nilidhani amechoka.

Ni yeye aliyenieleza kwa nini baba hakurudi, au sehemu ya sababu. Kaka yao mkubwa, baba mkubwa wangu, alikuwa hai, mkulima Kapolowe, upande wa misheni. Mama yao alipofariki, huyo ndiye aliyepeleka habari kwa watu wa reli mpaka zikamfikia baba. Baba akajibu kwamba anakuja. Wakamngoja. Waliahirisha mazishi, wakaahirisha tena, mpaka padri akasema haiwezekani. Baba mkubwa alimzika mama yao akitazama njia. Baba hakufika, wala hakutuma neno baadaye. Shangazi hakujua kilichomzuia, na mimi sijui. Labda kweli ilikuwa nauli.

Tangu hapo baba mkubwa hakutaka kulisikia jina la mdogo wake. Shangazi alipomtumia habari kwamba mwana wa ndugu yao amefika Likasi, jibu lilikuwa salamu kwa shangazi peke yake. Akatuma tena kupitia kwa wanawake wanaoleta samaki wakavu na mahindi kutoka Kapolowe. Kimya. Akatuma tena.

Nieleze ni nini nilichokuwa nakitaka, kwa sababu mtu aliyekulia kwao anaweza asione uzito wake. Nilikuwa nimepita miaka arobaini. Nimelala Mwanza, Mbeya, Kitwe, Ndola, na kila mahali nilikuwa mtu aliyetoka kwingine. Kigoma waliniita mtoto wa Mkongo, na huku wananiita mtu wa Kigoma. Shangazi aliniambia kwamba kaka yake akikubali, ataniketisha mbele ya jamaa, atataja majina kuanzia babu mpaka mimi, tutakula sahani moja, kisha atanionyesha makaburi na mahali pa kujenga kama nikitaka. Baada ya hapo naweza kuzunguka dunia nzima, lakini nitakuwa na kwetu. Ni mkubwa wa ukoo tu anayeweza kufanya hivyo. Shangazi hawezi, ni mwanamke aliyeolewa katika ukoo mwingine, na alinieleza hilo bila uchungu, kama mtu anayekueleza bei.

Jibu lilikuja Jumatatu jioni. Nilirudi kutoka dukani nikamkuta shangazi amesimama barazani na wanawake wawili wa samaki, na nilijua kwa jinsi alivyosimama. Alianza kuzungumza kabla sijaweka begi chini.

"Amekubali. Siku ya tatu. Minye nitatangulia kesho na hawa bamama, nikasaidie kupika. Weye utapanda taxi-bus asubui. Usikose." Hakuvuta pumzi. "Na unajua aliuliza nini? Aliuliza kama unatembeaka sawa baba yako, kichwa mbele, miguu nyuma, sawa muntu mwenye kufukuza kofia yake."

Kufukuza kofia. Nilimwona baba yangu kwenye barabara ya Gungu, Kigoma, akitembea hasa namna hiyo. Sikutaka maneno yale yapotee. Nikatoa simu, nikaandika haraka habari ya siku ili niimalize, nikaingia kwenye ukurasa mwingine kuandika habari ya kofia, neno kwa neno. Shangazi alinyamaza. Nilipoinua uso alikuwa ameingia ndani na wanawake wale, kufunga mizigo.

Nilichoandika juu ya siku kilikuwa hiki: J3 Kpl BM. Kapolowe, baba mkubwa. Na J3 ni jinsi sisi tunavyofupisha Jumatatu, kila aliyewahi kutuma ujumbe upande wetu wa ziwa anajua. Sikio lilisikia siku ya tatu. Kidole kilisikia tatu, kikaandika kile kilichozoea kuandika tangu nilipomiliki simu. Programu ikauliza kama inikumbushe, nikagusa ndiyo. Kwa kuwa siku ile yenyewe ilikuwa Jumatatu na jua linazama, ikachukua Jumatatu inayofuata.

Shangazi aliondoka alfajiri. Nilimsikia akiburuta ndoo, nikajiuliza kwa nini anawahi hivyo kwa shughuli ya wiki ijayo. Kuna kitu kilinigusa, nusu ya wazo. Nilichukua simu nikaangalia. Imeandikwa Jumatatu. Nikalala tena. Nikadhani anakwenda kuvuna karanga, kwa kuwa ulikuwa msimu wake. Zamani, wakati wa pakiti za sigara, ningelala macho nikijaribu kukumbuka alivyosema, na ningekumbuka, maana maneno yalitamkwa jioni iliyotangulia tu. Lakini nilikuwa nimekwisha kuikabidhi simu kazi ile.

Jumatano mwenye duka alinituma Kambove kupeleka minyororo na tairi. Nilipakizwa nyuma ya pikipiki, tukapita kwenye vilima, na mtandao ukawa unakuja na kuondoka. Ilikuwa siku nzuri. Hilo nalo nalikumbuka kwa uchungu, kwamba ilikuwa siku nzuri. Nilikula mahindi ya kuchoma, nikawaandika wachimbaji waliokuwa wakigombea kivuli cha ukuta, nikaandika rangi ya udongo. Nilipanga maneno nitakayosema mbele ya jamaa Jumatatu, nikayawekea ukurasa wa bluu.

Yaliyotokea Kapolowe siku hiyo nilisimuliwa. Baba mkubwa alivaa koti tangu asubuhi. Aliagiza kiti kiwekwe kwenye pembe ya nyumba, mahali panapoonekana barabara. Jamaa walikuja, wengine kwa baiskeli kutoka mbali, na kila gari liliposimama watu walinyoosha shingo. Saa sita shangazi alinipigia, simu yangu haikupatikana. Akapiga tena mpaka chaji ikamwishia. Chakula kilipashwa moto mara mbili. Jua lilipoanguka baba mkubwa akasema chakula kiliwe, watu wasilale na njaa kwa sababu ya mtu mmoja. Yeye mwenyewe alivua koti, akaingia ndani.

Alhamisi mchana shangazi alirudi. Alinikuta nimesimama mbele ya kioo nikijaribu shati jeupe nililonunua kwa ajili ya safari. Akaweka mzigo chini, akakaa kwenye kizingiti, hakuvua kitambaa cha kichwa.

"Unajitengeneza kwenda wapi?" akauliza.

"Kapolowe, shangazi. Jumatatu."

Sura yake ilikuwa ya mtu aliyekuja na hasira njia nzima na sasa hajui aiweke wapi. Aliniomba nirudie. Nikarudia, na nilipokuwa naitamka ile tatu nikaisikia kwa mara ya kwanza. Nilikaa kitandani na shati langu halijafungwa vifungo.

"Nilikuambia siku ya tatu," akasema polepole. "Nilikuambia kwa kinywa changu. Unaniaminia hapana, unaaminia ile kitu."

Nilimwonyesha simu, kama mtoto anayeonyesha mahali alipojikwaa, na yeye hakuitazama.

Ijumaa alfajiri tulikwenda pamoja. Alisema sharti niende mwenyewe, na mapema, kabla neno halijakauka. Baba mkubwa alikuwa shambani. Tulimngoja chini ya paa la jiko, akaja na jembe begani, mzee mrefu mwenye masikio ya baba yangu. Nilipiga goti. Akaniinua kwa adabu, akaniuliza habari za safari, kama barabara ni nzuri, kama mvua imenyesha Likasi. Nikamweleza. Nilimweleza yote, Jumatatu na siku ya tatu, jinsi kwetu tunavyohesabu, jinsi mkono ulivyoandika. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na haraka wala hasira, na hilo lilinipa matumaini ya bure.

Chakula kikaletwa. Mkewe aliweka sinia la bukari, ugali wao, na bakuli la samaki mbele ya baba mkubwa, na shangazi akanawa akasogea. Vijana wawili wa nyumba ile wakasogea. Mimi nilipokuwa nanyoosha mikono ninawishwe, mama yule akarudi kutoka ndani na sahani ya kauri yenye maua, bukari yake imekatwa vizuri pembeni, samaki mkubwa kuliko wote, na juu yake kijiko. Akaiweka kwenye meza ndogo, mbali kidogo, akanivutia kiti.

Nilimtazama shangazi. Alikuwa ametazama chini.

Anayekula na kijiko peke yake mezani ni mgeni. Jamaa hula kwa mkono kutoka sinia moja. Hakuna aliyenitukana, na samaki alikuwa mtamu, nilimla wote, kwa sababu kumbakiza kungekuwa ubaya mwingine. Tulipomaliza, baba mkubwa alinisindikiza mpaka barabarani yeye mwenyewe. Hapo ndipo aliposema, bila kupandisha sauti:

"Baba yako nilimungojaka. Weye pia nimekungoja. Sina kinyongo na weye, mutoto haina makosa. Lakini minye nimemaliza kungoja."

Nikamwambia niko hapa sasa, baba. Nimefika. Akaitikia kwa kichwa, akasema ni kweli, nimefika, na wageni wanakaribishwa nyumbani kwake wakati wote. Kisha akainua mkono kusimamisha taxi-bus.

Nilikaa Likasi miezi mingine mingi baada ya hapo, nikidhani muda utafanya kazi yake. Shangazi aliendelea kutuma maneno. Jibu lilirudi kila mara na salamu kwa mugeni wako. Nilikwenda tena mara moja, peke yangu, na sabuni na sukari. Tulizungumza juu ya bei ya mbolea. Sahani ile yenye maua ikaja tena. Mkewe aliniuliza kwa upole kama nataka chumvi, na nikaona kwamba hata yeye amenizoea hivyo, kwamba nafasi yangu katika nyumba ile imeshapatikana na ndiyo hiyo.

Shangazi hakunilaumu tena. Mtu mwingine angesimulia mtaani, na wazee wa munkoyo wangepata kicheko cha mwaka. Hakusimulia. Alichobadilisha ni kimoja tu: akiwa na jambo la maana la kuniambia, alikuwa akinishika kifundo cha mkono kwanza, mkono wa kulia, ndipo aseme.

Jioni fulani nilijaribu kusoma yote niliyokuwa nimeandika tangu nifike. Nilidhani hata kama nimepoteza Kapolowe, nimebakiwa na maneno yao. Nikakuta simu imeyasahihisha. Mahali shangazi alipokuwa amesema muntu imeandikwa mtu. Mutoto amekuwa mtoto. Njo imekuwa ndio, na mahali pengine imekuwa njoo, kana kwamba shangazi alikuwa akimwita kila aliyemtaja. Nilitafuta habari ya kofia. Ilikuwepo, Kiswahili safi, na haikuwa na sauti ya mtu yeyote. Ilibidi nimwombe aniambie tena baba mkubwa alisemaje. Alifikiri kidogo, akasema amesahau, lilikuwa jambo la kuchekesha kuhusu kutembea.

Sikuifuta programu ile. Ninayo hata leo na ninaitumia, kwa bei za vipuri na namba za malori, na pengine kwa zaidi ya hayo. Siwezi kudai kwamba nimepona. Mtu akisema neno zuri kidole bado kinatafuta kona. Ila sasa namwomba arudie, nami namtazama anaporudia, na mara nyingi neno la pili si zuri kama la kwanza.

Kiangazi kilipoingia, lori la chokaa lilikuja Shituru kutoka Ndola, na dereva wake alikuwa anatafuta mtu wa kukaa naye kurudi. Nilisikia dukani. Niliweka kando kipuri nilichokuwa nakipima, nikajua kwamba nitakwenda. Hakuna aliyenifukuza. Shangazi alikuwa na chumba, duka lilikuwa na kazi. Lakini nilikuwa nimekuja Likasi kuwa mtu wa mahali, na kila Jumatano nilipokuwa nikiufungua mlango wa duka nilikuwa nikiona mzee aliyevaa koti kwenye pembe ya nyumba.

Siku ya kuondoka shangazi alinifungia karanga na samaki wakavu katika kitenge, akanisindikiza mpaka lango la kiwanda ambapo malori yanajipanga. Alitembea taratibu, magoti yalikuwa yanamsumbua. Njiani alizungumza juu ya paa linalovuja na juu ya binti yake wa Kolwezi anayetaka kumhamisha. Tulipofika, dereva alikuwa amekwisha kuwasha injini. Shangazi akanishika kifundo cha mkono.

"Utarudia?" akauliza.

Nilikuwa na jibu mdomoni, lile ambalo kila msafiri huwa nalo. Nililiona linavyotaka kutoka. Nikamwona pia amekaa mlangoni na ndoo yake, akiinua uso kila gari likipita.

"Hapana, shangazi," nikasema. "Sitarudi."

Aliniangalia usoni, nami sikuinamisha uso.

"Ni muzuri umesema," akajibu.

Akanikabidhi kitenge, akaniambia nisiweke samaki karibu na injini wataharibika. Nikapanda. Nilipotazama kwenye kioo cha pembeni alikuwa amekwisha kugeuka, anarudi nyumbani katikati ya barabara, na pikipiki zilikuwa zikimzunguka huku na huku.